Bibi Andrea

Mdarizi wetu alikuwa na cherehani moja, dirisha lililojaa mablanketi ya watoto wachanga, na mdomo uliotosha watu kumi. Alidarizi jina la mtoto kabla hajazaliwa, na hapo ndipo elimu yake ilipoanzia. Mjamzito akisita, atamkalisha kitini na kumweleza kwamba jina zuri halichagui suruali wala sketi. Chukua Nuru. Chukua Imani. Chukua Sasha. Sasha ni nini? Alfajiri, atajibu bila kupepesa macho, kwa watu wa nchi za baridi. Mwezi ujao Sasha huyohuyo ni mto wa maziwa.

Binti yake alipopata mimba, Mdarizi aliona zamu yake imefika. Jina lake mwenyewe ni Faraja, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kulirithi. Alitamani kulisikia likiitwa uani angali hai. Binti na mumewe walishaahidi: akija wa kike, Faraja, akija wa kiume, Andrea, jina la marehemu baba wa mume. Mwenye akili zake angetulia angoje. Mdarizi akawapelekea hoja ya dukani: Faraja ni la wote, kwa hiyo ajaye, awaye yeyote, ni Faraja. Akalidarizi kwa uzi wa dhahabu, akalitundika dirishani.

Mama mkwe wa binti, mpishi wa shule mwenye maneno machache, akaja kulitazama blanketi. Akalisifu. Akauliza kama ni kweli majina hayachagui. Mdarizi, utamu wa somo ukiwa umemkolea, akasema hata Andrea, kwa Wajerumani, ni jina la mabinti.

“Nashukuru, dada,” akasema mpishi. “Basi na la kwetu linafaa wote.”

Akazaliwa wa kike. Wazazi, sasa wakiwa na majina mawili ya kumfaa, wakampa heshima marehemu. Aliye hai, walisema, anaweza kungoja.

Mdarizi akazunguka mji kutafuta silaha, akaipata kwa daktari wa meno aliyesomea Ugiriki. Familia ilipokusanyika sebuleni kumpa mtoto jina, akasimama, kwa mara ya kwanza maishani akiwa na maana ya kweli mdomoni.

“Wanangu, jina hilo linatokana na neno la Kigiriki la mwanamume. Mnamwita binti mwanamume.”

Binti akamtazama kwa huruma. “Mama, hii umeitunga leo au jana?”

Sebule nzima ikacheka. Akaapa kwa kaburi la mama yake, kicheko kikazidi. Mpishi akamwekea mtoto mapajani, akamwambia taratibu, “Mshike mjukuu wako, Bibi Andrea.”

Na ndivyo mtaa mzima umwitavyo mpaka leo, maana mtu akishapata mjukuu huitwa kwa jina la mjukuu. Hilo la Faraja, hata wateja wameshalisahau.