Wifi Naomi na Wimbo Usio na Kiitikio

Sauti ilinikatika mbele ya kanisa zima. Wageni wa dayosisi wamekaa mbele, kinanda kinaendelea peke yake, na mimi nimesimama mdomo wazi kama kuku wa jua kali. Hapo ndipo marehemu Naomi, niliyemtupia udongo kwa mkono wangu huu, alipoanza kuimba kutoka viti vya nyuma. Usiamini ukitaka. Niliyesimama pale ni mimi, si wewe.

Ngoja nirudi nyuma.

Naomi alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Aliongoza sauti ya kwanza katika kwaya yetu, huku nje ya Nduguti, tangu nilipoolewa. Mguu ulipomvimba na hospitali kushindwa, akaenda kwa mganga. Zakaria, mwalimu wetu wa kwaya, ndiye aliyemshtaki kwa wazee wa kanisa. Akatengwa. Akafa akiwa ametengwa, na siku ya maziko Zakaria akatukataza kuimba. Mwanakwaya akafukiwa kimya kama kuku aliyekufa kwa kideri. Nami nilikuwepo, nimefunga mdomo.

Mwaka mzima kimya kile kilinikaba. Siku moja mazoezini nikauliza mbele ya watu: "Mwalimu, Naomi tulimnyimia nini wimbo?"

Akafunga mazoezi papo hapo. Wiki iliyofuata akanipa adhabu, akaiita zawadi: wimbo wa zamani wa Wazungu, umetafsiriwa, wa mtu mmoja na kinanda.

"Mama Eliya anapenda kusema peke yake," alisema, akininyooshea kidole. "Basi na aimbe peke yake, wageni wakija."

Wakacheka.

Sasa elewa. Mimi niliishia darasa la nne, nota nazisoma kwa kubahatisha. Na maisha yangu yote nimeimba sauti ya pili. Mtu wa sauti ya pili habebi wimbo, anauegemea. Huu wa Zakaria haukuwa na kiitikio, kila ubeti unashika njia yake. Kila nikijaribu, najikuta nimeshuka, namtafuta mtu wa juu ambaye hayupo.

Nilijifunzia shambani, juu ya dungu la kulindia ndege, nikifukuza kwelea kwelea kwa kupiga debe wasimalize uwele. Saa tisa alasiri, jua linawaka, nikasikia kutoka upande wa chini, aliokuwa akilima Naomi:

"Umeshuka tena, wifi. Panda."

Alinipa mgongo, amevaa kitenge kilekile tulichomzika nacho. Ndege walijaa kwenye masuke yaliyomzunguka, wanakula, na hata mmoja hakuruka.

Nilikimbia, nikaacha debe na ndala. Lakini kesho yake ningefanyaje? Uwele ungeisha. Nikarudi, nikamwamkia shikamoo, maana hofu haiondoi heshima. Badala ya marahaba nikapata somo.

"Unaimba kama unafukuza ndege," alisema.

"Si ndiyo nawafukuza?"

"Wafukuze kwa debe. Wimbo uuache."

Niamini, nilicheka. Alinipa mstari mmoja kila alasiri. Nikishuka, ananyamaza mpaka nirudi mwanzo. Akanionyesha pa kuvuta pumzi: kabla ya mlima wa sauti, si ukiwa umefika katikati. Hivyo hivyo mpaka tukavuna. Siku ya kuvuna hakuonekana.

Ndipo Jumapili ile, kwenye mlima wa mwisho, pumzi ikaniishia. Naomi akashika palepale nilipoanguka. Nikamfuata. Na nilipofika juu, unajua alifanya nini? Alishuka. Akaimba ya pili, sauti yangu mimi, akanishikilia kwa chini, na wimbo nikaubeba mwenyewe hadi mwisho.

Kinanda kilikuwa kimenyamaza. Zakaria, aliyekuwa akikipiga, aliinua mikono, akageukia viti vya nyuma, shati limemlowa. Baadaye akasema eti ni spika ilikoroma. Spika gani inayojua sauti ya pili?

Tangu siku hiyo naimba ya kwanza, na koo halijanisaliti tena. Namshukuru Mungu, namshukuru wifi yangu, aliyemfundisha mtu ambaye kwenye kaburi lake alinyamaza. Nawe unayesoma, ukikatazwa kumwimbia wako, imba. Si kila marehemu ana moyo wa Naomi.

Na wewe Zakaria, uligeuka kabla yangu. Ulimsikia. Kaburi lipo, njia unaijua, kwaya ipo. Lini utatuongoza tukaimbe? Nilikuuliza mbele ya watu. Nijibu mbele ya watu.