Breki ya Mzee Ngatia

Baba yangu hajawahi kuwa mwanajeshi, na ukimkumbusha hivyo mbele ya watu atakununia mpaka jioni. Kwa miaka thelathini na moja ameendesha magari ya kambi ya jeshi iliyo hapa nje ya mji wa Nyeri, akiwa raia wa kuandikwa tu, na viatu vyake vinang'aa kuliko vya koplo yeyote. Jina lake ni Ngatia. Kambini wanamwita Mzee, hata wenye mvi kumshinda.

Kuna kazi moja pale ambayo imekuwa yake peke yake. Kamanda akibadilishwa, kwanza kuna gwaride. Anayeondoka anamkabidhi anayeingia bendera ya kikosi mbele ya askari wote, na kuanzia dakika hiyo hana amri tena, hata juu ya mpishi. Halafu anapandishwa kwenye Landrova kuukuu isiyo na paa wala milango. Injini inazimwa, maofisa wake wanafunga kamba mbili nyeupe mbele, na wanamvuta kwa mikono kutoka mesi, bwalo lao la chakula, hadi nje ya geti. Hiyo ndiyo kwaheri ya jeshi. Anayeshika usukani ni baba, na alikuwa ameshawatoa makamanda tisa.

Mimi nauza chai na mandazi chini kidogo ya geti, kwa hiyo nimewaona wengi wakitoka. Siri ya baba pia naijua. Barabara ya mesi hadi getini inateremka, na gari lisiposhikwa litawapanda maofisa visigino. Basi baba hukanyaga breki kidogo kidogo njia nzima, na wale mabwana wanahema na kutoa jasho wakidhani gari ni zito. Siku moja nilimwambia anazidisha, anawatesa watoto wa watu.

"Maitu," akanijibu, maana nimepewa jina la mamake, Gathoni, na hivyo ndivyo ananiita, mama. "Mtu amekaa na watu miaka tatu. Hawezi toka mbio ni kama amefukuzwa."

Mwaka huu zamu ya kuondoka ilikuwa ya Kanali Lennox. Huyu alifika hapa zamani akiwa luteni mwembamba kutoka Vihiga, na matope ya Kieni yalimtoa kamasi. Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha gari kwenye matope hayo, baada ya kijana kulizamisha katikati ya shamba la viazi Endarasha na kutolewa na akina mama wenye majembe. Miaka ikapita, akarudi akiwa kamanda, na bado alikuwa akisimamisha msafara wake pale kwangu kunywa chai kwa kikombe cha bati.

Na mwezi huo huo baba alikuwa anastaafu. Raia akistaafu hapewi gwaride. Anapewa cheti, blanketi na mkono. Baba hakulalamika, ila kila jioni alirudia neno moja: "Nitoe huyu kijana, alafu niende nikalime viazi yangu." Hakutaka kingine.

Akaja Kapteni Muchiri, ofisa aliyepewa kazi ya kupanga sherehe. Ni kijana wa Kagio, hana roho mbaya, ila kitu kipya kinampagawisha. Aliamua kwamba mwaka huu litatumika gari jipya linalometameta, na askari kijana ndiye atakayeliongoza. "Mzee, wewe utakaa kwa tenti na wageni," akamwambia baba. "Upumzike sasa."

"Afande, hiyo gari si kama Landrova, ukitoa ufunguo, usukani inajifunga," baba akasema. "Na breki inakuwa ngumu kama mawe."

"Mzee, hiyo ni gari ya kompyuta," Kapteni akacheka na kwenda zake.

Siku hiyo baba hakumaliza chakula. Mimi nilipandwa na hasira, na kesho yake Kapteni alipokuja kutaka mandazi nikamwambia yameisha, beseni likiwa limejaa pale pale mbele yake.

Jumanne walifanya mazoezi. Kapteni mwenyewe alikaa mahali pa Kanali. Yule dereva kijana, kwa kutaka kufuata mila barabara, alizima injini, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Maofisa wakavuta, gari likashika mteremko, na walipofika kwenye kona usukani ukagoma. Dereva akakanyaga breki, nayo ngumu kweli kama mawe. Maofisa wakaachia kamba na kutawanyika kama kuku. Gari likaenda moja kwa moja, likang'oa mawe matano yaliyopakwa chokaa, likatulia ndani ya maua ya mesi. Hakuna aliyeumia. Kapteni alishuka na jani la waridi juu ya kofia.

Baada ya saa moja alikuja kwangu, ambako baba alikuwa akinywa chai. Akavua kofia.

"Mzee, nilikosea. Landrova inaweza kuwa tayari Alhamisi?"

"Iko tayari tangu mwezi jana."

Nikampa Kapteni mandazi mawili ya moto. Sikuyauza, nilimpa.

Alhamisi bendera ilikabidhiwa, askari wakajipanga pande zote za barabara wakipiga makofi. Kanali alisimama ndani ya Landrova akijifuta macho, mkewe Phoebe kando yake, na baba mbele kwenye usukani, shingo imenyooka. Sijawahi kuona gari likienda polepole namna ile. Nje ya geti maofisa wakaweka kamba chini, wakapiga saluti. Hapo ndipo mila huishia, na baba huwasha injini na kurudisha gari kambini. Akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Mzee, wacha. Usiwashe," Kanali akasema.

Akashuka, akamsaidia mkewe kushuka, akavua koti lenye nishani na kumpa. Akaokota kamba moja. Kapteni Muchiri akaja mbio akaokota ya pili.

"Afande, hapana," baba akasema. "Mimi ni raia."

"Na mimi saa hii siamrishi mtu. Kaa hapo hapo."

Kutoka getini hadi kibandani kwangu ni hatua kama sitini, na bado ni mteremko. Landrova ingeweza kuja yenyewe. Nililia, sitadanganya. Lakini Kanali alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akasimama kidogo kuhema, akageuka nyuma.

"Mzee, hii gari imekuwa nzito hivi?"

Nikaangalia miguuni pa baba, na kile kiatu chake kinachong'aa kilikuwa kimekanyaga breki karibu mpaka chini.