Gamba la Utemi

Kwetu utemi haupiti kwa baba. Mtemi akifa, wanawe wa kuzaa wanarudi shambani kama watu wengine, na lile gamba jeupe la baharini linavishwa mtoto wa dada yake, kwa sababu tumbo la dada halina ubishi. Kaka yangu alilipokea kwa mjomba wetu, mjomba akalipokea kwa mjomba wake, hivyo hivyo mpaka huko nyuma ambako hata wazee wanaanza kugombana. Serikali ilifuta utemi baada ya Uhuru, sawa, lakini gamba halikufutwa na mtu.

Kaka alipofariki, dada yake wa tumbo moja nilikuwa mimi tu, mimi ninayezunguka mtaa wa Husby, huku Uswidi, nikiogesha wazee wa Kiswidi majumbani kwao. Nina kijana mmoja, fundi umeme, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Yule kijana sikumzaa. Mama yake alifariki akijifungua, baba yake akaja kwangu na kichanga, nikawapokea wote wawili, tukaoana, tukahamia huku, na nyumbani wakadhani nimemzaa. Kaka alijua, akaondoka na siri hiyo. Mume wangu naye alishatangulia. Nilidhani nimebaki peke yangu ninayejua.

Basi mjomba mdogo, mtunza gamba, akapanda ndege akaja nalo, maana gamba halitakiwi kupitisha msimu wa mvua bila shingo. Tangu aliponipigia simu nilikuwa natafuta kisingizio cha kumzuia. Kijana wangu, loo, yeye ndiyo kwanza akachangamka! Mtu aliyeulizwa maisha yake yote anatoka wapi, sasa alikuwa anakariri majina ya watemi bafuni kwa lafudhi ya Kiswidi, mimi jikoni nasikiliza mpaka kitunguu kinaungua.

"Una uhakika unataka?" nilimwuliza.

"Kabisa," akanijibu kwa Kiswidi. "Si ni ukoo wa mama yangu?"

Nikageuza kitunguu.

Shughuli tuliifanyia chini ya jengo letu, kwenye chumba cha wapangaji, ukuta mmoja na chumba cha kufulia. Ngozi ya ng'ombe ya kuwekea kigoda ilizuiwa uwanja wa ndege, tukatandika ya kondoo ya duka la samani. Mjomba aliitazama akasema, "Hii ni ya kulalia paka." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mdogo wangu wa Norsborg, binti wa mama mdogo, tumbo lile lile la bibi yetu, alikuwa amekaa mbele kabisa na mwanawe kamvalisha suti mpya. Suti ya nini, kama si kutuvizia? Yule mwanamke ananusa siri ya mtu kabla hajavua viatu.

Mjomba akamkalisha kijana wangu kwenye kigoda. Kabla ya kuvishwa kuna swali, na swali ni la mama. Nililijua tangu utotoni. Nilimwona mama yangu akiulizwa juu ya kaka, akajibu kabla hawajamaliza. Mimi nilikuwa nimejizoeza kusema "ndiyo" mbele ya kioo cha lifti wiki nzima. Neno moja tu, jamani!

Tatizo ni kwamba wazee wanasema asiye wa tumbo lile akilivaa, gamba linamwondoa duniani. Mimi ni mtu wa kanisani. Kila siku nawaambia watu, hayo mambo ya mizimu niondoleeni hapa. Ila siku ile niliitazama shingo ya mwanangu, ina kovu dogo la tetekuwanga niliyompakia dawa mwenyewe, nikaogopa. Niliogopa kweli kweli.

"Mama mtu, simama," mjomba akasema. "Huyu umemzaa?"

"Nimemlea, mjomba. Nimembeba mgongoni mpaka..."

"Sikuuliza kulea. Umemzaa?"

Mashine za kufulia upande wa pili zilikuwa zinakamua nguo, sakafu inatetemeka. Kijana alinikazia macho, hapepesi. Alikuwa na tabasamu dogo, lile la siku ya kwanza ya shule, akisubiri nimpungie mkono dirishani.

"Hapana," nikasema.

"Hee!" mdogo wangu akashika kifua, kana kwamba hakutarajia. Mjomba hakunigombeza. Alimshika kijana mkono, akamwinua taratibu, akamwita yule wa suti. Mama yake alipoulizwa alijibu ndiyo ya kusikika mpaka mtaa wa pili wa Kista. Gamba likavishwa, vigelegele vikapigwa. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, na moyoni namshukuru Mungu kwamba wangu amepona.

Kijana wangu hakuondoka. Nilidhani atatoka abamize mlango, lakini alikula, akamsindikiza mjomba kwenye gari, akarudi kupanga viti. Chumba kile lazima ukirudishe safi, la sivyo hupewi tena. Akachukua ndoo akaanza kupiga deki. Nilingoja mpaka tukabaki wawili.

"Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kukwambia, kila mwaka nikasema mwakani."

"Najua, mama." Alisema kwa Kiswahili, mpaka nikageuka kuhakikisha ni yeye. "Baba aliniambia hospitali, kabla hajafa."

Nikakaa kwenye kiti nilichokuwa nakikunja. Halafu hasira zikanipanda. "Ulijua! Ulijua, na bado ukaenda kukaa kwenye kigoda mbele za watu? Hilo gamba ulilitakia nini?"

"Sikulitaka gamba." Alikamua tambara, akalitandaza kwenye ukingo wa ndoo. "Nilitaka nikusikie ukisema ndiyo."