Ng'ombe wa Baba Mwambani

Cheka tu, wenzako walishacheka mpaka mbavu zikawauma. Lakini hili sikusimuliwa na mtu. Nililiona mwenyewe, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja hata togwa.

Huku kwetu Geita wachimbaji tuna imani moja: ukikuta michoro myekundu mwambani, hizo ni alama za Mjerumani, anaonyesha alikofukia dhahabu. Twiga akitazama kushoto, unachimba kushoto. Shimo letu lilikuwa halitoi kitu, basi Masanja, ninayechimba naye, akasema tupande kilimani tukaubomoe mwamba wenye mchoro wa twiga. Nikatangulia na nyundo.

Chini ya mwamba nikamkuta bibi mmoja ameketi, anakoroga udongo mwekundu na mafuta ya ng'ombe ndani ya kipande cha kibuyu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hebu nishikie hiki."

Nikashika. Mkubwa akikutuma utakataaje? Akachovya kidole, akaanza kumwongezea twiga shingo, taratibu, huku akitabasamu peke yake. Niamini, rangi ilikuwa mbichi, lakini ikigusa jiwe inapauka palepale, inakuwa ya miaka na miaka. Hofu ilinijia, ila haikukaa. Nilijisikia vizuri mno.

"Nawe mchore wako," akasema.

Nikamchora ng'ombe wa marehemu baba, yule aliyekufa kwa ukame, pembe moja imeinama hadi sikioni. Tangu nizaliwe sikuwahi kuchora kitu. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nilipogeuka nimwonyeshe, bibi hayupo, na vumbini hapakuwa na unyayo wake hata mmoja.

Masanja akafika, akainua nyundo usawa wa ng'ombe wangu. Nikaruka, nikaukinga mwamba kwa mgongo.

"Toka hapo! Huyo ndiye anayeonyesha mali!"

"Huyu ni wa baba! Nimemchora sasa hivi!"

"Umchore wewe, mbona amechakaa hivyo?"

Nikampa kidole anuse. Mafuta mabichi, rangi bado inadondoka. Alikishuka kile kilima mbio, na ndala zake hajazifuata mpaka leo.

Tulipata shimo jingine, la kubangaiza tu, lakini usingizi naupata. Kila mvua zikiisha nawapeleka wanangu wakamwone ng'ombe wa babu yao. Na mwaka huu, Mungu ni shahidi yangu, ubavuni mwake tumemkuta ndama.

Kwa hiyo wewe mwenye nyundo, uliyesikia habari za alama za Mjerumani, pita mbali. Ule mwamba una wenyewe, na mmoja wao ni mimi.