Bodi ya incubator ilivyoanikwa juani Njombe, mama mdogo akashika kazi ya microprocessor

Wakuu, shikamooni mliotangulia, wengine mambo. Haya yametokea kwenye familia yetu, na chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni fundi kompyuta, Makambako. Mama mdogo anaishi karibu na misheni moja huku Njombe. Ana incubator ya kale, ya enzi za microprocessor za mwanzo, na majirani humletea mayai awatotoleshee.

Masika haya bodi yake, ile sahani ya chip ndani ya mashine, iliingiwa na unyevu. Kwetu kitu kikiloa kinaanikwa, iwe mahindi, godoro au redio. Akaifuta, akabandua na stika chafu iliyokuwa juu ya chip moja, kisha kila ukungu ukiondoka anaitoa juani. Siku nyingi tu.

Ikawaka vizuri. Akapanga mayai ya Mama Upendo, jirani yake.

Hapo mjue kicheche alishamaliza kuku wote wa Mama Upendo. Hayo mayai ndiyo yaliyobaki.

Katikati ya siku za kutotolesha, taa zinawaka, joto hakuna. Nikapigiwa simu.

"Kamwene mwanangu. Njoo upesi, mayai ya watu yanapoa."

Nikafungua mashine.

Darasa kidogo. Microprocessor ni chip inayoiendesha mashine. Microprocessor za zamani zilikuwa na mambo machache. Inachukua agizo moja, inatekeleza, inafuata jingine, kwa mapigo ya saa yake. Biti nane, yaani sifuri na moja nane, kwa mara moja. Inajumlisha, inalinganisha, basi.

Program haikai ndani yake, inakaa chip ya pembeni. Nyingi za enzi hizo zina kidirisha cha kioo, maana zilifutwa kwa mwanga wa urujuanimno (UV), ambao hata jua linao. Ile stika ilikuwa pazia.

Kwa hiyo jua la Njombe lilikuwa limefuta maagizo taratibu; yaliyobaki dhaifu yakaiwasha siku chache, kisha nayo yakapotea. Microprocessor nzima kabisa, ila haina wa kuituma.

"Kwa hiyo nimeua mayai ya mwenzangu?"

Nikapima hita kwanza.

Hita ilikuwa nzima, nikaiunga moja kwa moja kwenye swichi. Mama mdogo akakaa na kipimajoto. Soma, linganisha, washa au zima, rudia. Na kugeuza mayai. Akichoka, Mama Upendo anampokea zamu.

Mengine yaliharibika. Lakini Mama Upendo aliondoka na kapu linalolia, vifaranga vya kutosha kuanzisha banda upya.

Nikamwambia mama mdogo kwamba kazi aliyofanya ndiyo kazi ya ile chip.

Akauliza, "Nayo hujua mayai ni ya nani?"

Nikamjibu haijui hata kama ni mayai.

"Basi ina raha," akasema, akaenda kulala.

Funzo, wakuu: chip yenye stika iache na stika yake, na kabla ya kuanika bodi muulize fundi.

Mwenye program ya mashine za namna hii aseme hapa chini, na waliowahi kuanika vifaa wafunguke. Mama mdogo ameshapokea trei nyingine ya mayai.