Neno la Khamis kwa Mama

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu siisahau: siku tulipomuaga mama kule Ole, kisiwani kwetu, mimi na mdogo wangu Khamis, tukaenda bara kutafuta dhahabu. Ilikuwa miaka ya thelathini, karafuu zimeanguka bei, nami nilikuwa kijana wa maneno mengi. Khamis hakutaka kwenda. Yeye ndiye aliyekuwa akiikwea mikarafuu ya mama kila msimu, na alikuwa hodari, nakwambia. Nilimcheka kwamba anaionea wivu kama mtu na mkewe, mpaka akaona haya akanifuata.

Mji wenyewe ulikuwa upande wa Chunya. Ukiutaja leo watu watakuuliza uko wapi. Enzi zile ulikuwa na maduka ya Wahindi, hoteli ya chai na msikiti wa mabati, na watu wa kila kabila wakiosha mchanga mtoni kwa makarai. Kila mtu pale alisema atatajirika kesho.

Msimu wa karafuu ulipokaribia, Khamis akashikwa na homa.

"Kaka, n'rudishe kwa mama," akanambia. "Mie n'taka nikamchumie karafuu zake."

Shimo tulilokuwa tukilichimba lilikuwa limeanza kuonyesha dalili kidogo za dhahabu. Nikamwambia asubiri wiki moja. Akaniomba tena, na tena, hata nikamkaripia. Alifariki siku ya Ijumaa, tukamzika nyuma ya msikiti.

Shimo lile halikutoa kitu cha maana. Dhahabu ikaadimika, wenye maduka wakafunga, watu wakang'oa mabati, mpaka ya msikiti, wakaenda zao. Nilipoondoka, nyasi zilikuwa zimeshalifunika kaburi la ndugu yangu, wala hapakuwa na mtu wa kumwachia.

Nilipofika Ole nikampa habari, mama hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, "Hakusema ataka kurudi kwetu?"

Ningesema ndiyo, angeuliza kwa nini sikumleta. Nikaogopa.

"Hakusema, mama. Alishazoea kule."

"Hata mie hakun'taja?"

"Hakukutaja."

Akaingia ndani. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Wageni wakimtaja Khamis, alikuwa akisema, "Huyo alitusahau," kisha anageuza maneno. Nilikuwa nikimpelekea chai kila asubuhi, na kila asubuhi nikijiambia leo nitasema. Alikufa akiamini kwamba mwanawe hakumtaka.

Basi nisikilize, mwanangu. Mgonjwa akikuomba umrudishe kwao, acha ulichoshika umrudishe. Na ukikosa, sema umekosa, hata ukichukiwa. Usijisitiri kwa kumsingizia maiti, maana hawezi kuinuka akajitetea. Mimi nilijiokoa na swali moja tu la mama, nikamnyang'anya mapenzi ya mtoto aliyekufa akimwita.

Mola akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao, na akujaalie useme kweli wakati mwenye haki ya kuisikia bado yu hai. Amin.