Mkono Niliomkataza

Sipendi watu wanaponisifu kwa kujitolea. Jumapili baada ya misa kuna mama asiyekosa kunishika bega na kuwatangazia wengine kwamba mimi nafundisha watoto wa watu bure, na Mungu ananiona. Hapo natamani ardhi inimeze. Mungu ananiona, ndiyo, na hilo ndilo linaloniharibia siku.

Mimi ni mshonaji. Nina atelier yangu ndogo ya kushonea huku mtaani Katuba, na kwa miaka kadhaa sasa, alasiri tatu kila juma, nafunga mlango na kwenda foyer. Foyer yetu ni ukumbi ulio nyuma ya parokia, ambamo wasichana walioacha shule hujifunza kushona. Tuko wawili wa kujitolea. Mwenzangu ni muuguzi mstaafu. Yeye huwafundisha mambo ya maisha: kutunza mwili, kuzungumza na mteja bila kununa, kusema hapana na kumaanisha hapana. Mimi nafundisha kupima, kukata na kushona kwa cherehani za kukanyaga, kwa sababu umeme wetu hauna adabu. Yeye ana subira. Mimi nina ulimi.

Mwaka ule tulipokea wasichana wanane. Mmoja alikuwa na miaka kumi na tisa, na tayari ana mtoto mchanga aliyemwachia mama yake kila alipokuja. Siku ya kwanza niligawa mikasi na magazeti ya zamani ya kufanyia mazoezi. Yeye akaushika mkasi kwa mkono wa kushoto. Nilimkatiza kabla hajakata hata kidogo.

"Mu foyer yangu, mukono ya kushoto haikate nguo ya batu," nilimwambia. "Kamata na mukono ya kuume."

Akahamisha mkasi bila kubisha. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao.

Sikuwa na nia mbaya, au ndivyo nilivyojiambia. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu chakula wala haumsalimii mkubwa. Mama mwenye heshima zake, amekuja na kitenge cha harusi, hatapenda kuona binti anamzungushia utepe kiunoni kwa mkono huo. Niliwahi kumwona mteja akikunja uso kwa jambo hilohilo. Kwa hiyo nilijiona namtengenezea njia. Miezi mitano nilimkumbusha kila alipojisahau, mara nyingine kwa kumgonga vidole na rula. Wenzake walishafika kwenye kola na zipu. Yeye alikuwa bado anapigana na mstari ulionyooka. Nilimwita fundi wa vilima, kwa kuwa mikato yake ilipanda na kushuka, na utani huo ukamganda. Siku moja tukifagia ukumbi, muuguzi aliniambia nimwache binti akate anavyoweza. Nikamjibu kwamba mimi simfundishi yeye kudunga sindano.

Kisha juma zima hakuonekana. Nilikwenda kwao nikiwa nimejiandaa kumgombeza. Kumbe mtoto alikuwa na homa. Nilimkuta uani, mtoto amelala mgongoni, yeye amejiinamia kwenye meza ya kupikia anamkatia kigauni kutoka kitenge kilichochakaa. Alikuwa anakata kwa kushoto. Mkasi ulikuwa wa kawaida, haukutengenezwa kwa ajili ya mkono huo, lakini alikuwa amejifundisha kuukaza kwa kidole gumba kwa namna yake, na kitambaa kilifunguka mbele yake bila kusita. Alilizunguka kwapa la gauni, sehemu inayowatesa wanafunzi wote, kwa mkato mmoja tu. Mimi mwenyewe hapo huinua mkasi mara mbili.

Nilisimama nikamtazama kwa muda kabla hajaniona. Aliponiona alihamishia mkasi mkono wa kuume na kusimama wima, kama mtu aliyekutwa anaiba.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: nilikosea, mwanangu, kata unavyokata. Lakini niliwafikiria wale saba wengine na kicheko chao, nikaifikiria rula yangu, nikaufikiria uso wa muuguzi atakaposikia. Nikamuuliza homa ya mtoto inaendeleaje. Nikamwambia arudi mtoto akipona. Niliona haya kumwomba radhi binti wa miaka kumi na tisa, na sasa naona haya zaidi kuandika kwamba sababu ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Mwisho wa mafunzo alikuja mama mmoja mwenye atelier kubwa mjini. Alikuwa ameahidi kumchukua msichana mmoja, kazi ya kudumu, na wote walijua. Kwa binti huyu kulikuwa na zaidi. Baba yake alikuwa amekata shauri kwamba foyer ikimalizika bila kazi, yeye na mtoto wataenda Kasomeno kwa shangazi kuuza samaki wakavu, na habari za kushona ziishe. Alikuwa ameniambia hayo kwa mdomo wake.

Kila msichana alipewa kitenge kipya akate blauzi mbele ya mgeni. Alikitandaza chake, akachora kwa chaki, mistari safi kabisa. Kisha akainua mkasi na kuniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili, katikati ya kifua, anangoja nimpe ruhusa. Ningeitikia kwa kichwa tu, hakuna ambaye angeona. Mimi nikageuza macho dirishani. Nilipoyarudisha, mkasi ulikuwa kuume.

Kwapa la kwanza likatoka pana mno. La pili likala hadi kifuani, na kitenge kikaharibika. Mgeni alikiinua kile kipande, akakiweka chini taratibu, akaniuliza kama huyu alianza juzi.

"Huyu iko polepole kidogo," nikasema.

Nilisema hivyo akiwa amesimama pale, anasikia. Alichukuliwa mwingine. Jioni ile muuguzi alifunga ukumbi, akanikabidhi ufunguo na kwenda zake. Ningefurahi kama angenigombeza.

Ilinichukua mwaka na zaidi kufunga safari ya Kasomeno. Nyumbani nilisema nafuata samaki. Nilimkuta sokoni nyuma ya meza yake, na akanipokea vizuri mno, hata nikakosa pa kuweka macho: kiti, maji ya kunywa, goti kidogo la heshima. Mtoto alikuwa sasa anakimbia huku na huku. Nilimnyooshea biskuti, naye akanyoosha mkono wa kushoto.

Mama yake akamshika kifundo cha mkono, akaushusha bila ukali, akautoa mwingine.

"Hapana. Na hii," akamwambia. "Ndio vile huyu mama alinifundisha."

Akanitazama aone kama nimefurahi.

"Muache," nikasema. "Akamate na mukono yenye anapenda. Haiko mubaya."

Mtoto alikuwa keshaanza kutafuna. Binti alikuwa na samaki mkononi aliyekuwa anamfunga katika gazeti, akaendelea kumfunga, akakunja ncha moja na nyingine, mpaka kazi ikaisha.

"Na mukono yangu, mama?"

"Yako pia haikukuwa mubaya. Ile siku nilikuona kwenu, unakata. Nilijua."

"Ulijua," alisema.

Hakuuliza, alisema tu. Nilianza kumwomba radhi, hatimaye, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, lakini kulikuwa na mama mmoja anangoja mezani na kikapu chake, na binti alikuwa ameshamgeukia kumuuliza anataka samaki gani.